Kimelea cha Kusini Hakisomwi kwa "Kipo" au "Hakipo"

Tangu mwaka 2024, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake walipochapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mkoani Kagera kuna vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa mgonjwa anapomeza dawa zenye artemisinini, habari hiyo imetufikia huku Kusini ikiwa na sura mbili. Kwenye makundi ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi utasoma kwamba dawa mseto imeshindwa, na kilichobaki ni kurudi kwenye kwinini na mizizi. Kwenye vikao utasikia kinyume chake: hayo ni mambo ya Karagwe, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, huku kwetu tusubiri badiliko la jeni linaloleta hali hiyo lionekane ndipo tuhangaike. Pande hizi mbili zinabishana, lakini kosa lao ni moja. Zote zinadhani jenomu ya kimelea, yaani maandishi yake yote ya kurithi, huulizwa swali la kipo au hakipo. Jenomu haijibu hivyo. Badiliko laweza kuwepo kwa miaka mingi bila madhara yoyote, na badiliko laweza kutoweka kwa sababu dawa tunazomeza zinaendelea kuwachuja vimelea kimyakimya. Kinachotuambia lipi ni lipi ni ulinganisho: sampuli kwa sampuli, wilaya kwa wilaya, mwaka kwa mwaka, hata kimelea cha binadamu na ndugu yake anayekaa kwa sokwe. Mikoa ya Kusini haijajengewa utaratibu wa kulinganishwa hivyo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko habari yenyewe ya Kagera.

Si jambo la pembeni kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa chini ya miaka mitano, Tabora iliongoza kwa kama asilimia 23, na Mtwara ikafuata kwa kama asilimia 20, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Kwa maneno mengine, mtoto mmoja kati ya watano katika mkoa huu alikuwa na vimelea siku aliyopimwa, wengi wao wakiwa wanacheza tu. Wazazi wetu walimeza klorokwini mpaka mwaka 2001, serikali ilipoiondoa kama tiba ya kwanza na kuleta SP (sulfadoksini na pirimethamini). SP nayo ikadumu miaka mitano, na mwishoni mwa 2006 ikaingia ALu (artemetha na lumefantrini), ambayo ndiyo dawa mseto tunayoifahamu leo. Kila dawa kati ya hizo iliacha alama yake ndani ya jenomu ya kimelea, na alama hizo bado zinasomeka kwa anayejua pa kulinganisha.

Kinachoacha alama hizo ni uteuzi asilia, nao ni jambo jepesi kulieleza. Mkulima wa korosho anapoona mikorosho yake mingi imeliwa na ubwiriunga lakini michache ikabaki na maua, akachukua mbegu kwenye ile iliyobaki, miaka kadhaa baadaye shamba lake litakuwa na uzao wa ile michache. Tofauti ni kwamba kwenye malaria hakuna mkulima. Dawa inaua, kinachobaki kinazaliana, mbu anakibeba. Kimelea hakijifunzi wala hakizoei dawa. Ndani ya mgonjwa mmoja kuna mabilioni ya vimelea, na katika kunakili jenomu yenye herufi kama milioni 23, makosa hutokea kila mara. Makosa mengi hayana faida na hupotea. Likitokea moja linalokiwezesha kimelea kuishi saa chache zaidi mbele ya dawa, uzao wake utaongezeka, na hakuna aliyeupanga uongezeke.

Ugumu unaanzia hapo. Tunawezaje kujua kwamba badiliko limeongezeka kwa sababu lina faida, na si kwa bahati tu? Tuangalie jeni moja kwa karibu. Katika kromosomu ya 7 ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria tunachokizungumzia, kuna jeni iitwayo pfcrt, inayotengeneza protini iliyo kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enyea damu yetu. Nafasi ya 76 ya protini hiyo huandikwa kwa herufi tatu, AAA, na kinachowekwa hapo ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, iitwayo lisini. Herufi ya katikati ikigeuka, ikawa ACA, inaingia threonini. Na badiliko hilo likifuatana na mengine machache kwenye jeni hiyohiyo, klorokwini hutolewa nje ya kifuko kabla haijafanya kazi yake. Lakini herufi ya mwisho ndiyo ingegeuka, ikawa AAG, protini isingebadilika hata kidogo, kwa kuwa AAG nayo huweka lisini. Badiliko la namna hiyo ni la kimya. Yapo kwenye jenomu, yanarithiwa, lakini dawa haiyaoni wala kinga ya mwili haiyaoni. Basi mabadiliko ya kimya ndiyo mizani. Yanatuonyesha jeni hubadilika kwa kasi gani pasipo kusukumwa na chochote. Kwenye jeni fulani, yale yanayogeuza protini yakiwa machache mno kuliko mizani inavyoonyesha, tunajua jeni hiyo inalindwa, kwamba kila anayeigusa anakufa. Yakizidi kuliko inavyotarajiwa, kuna kitu kinayavuta.

Ili kuhesabu hivyo lazima uwe na wa kumlinganisha naye. Jenomu kamili ya P. falciparum ilichapishwa mwaka 2002: kromosomu 14 na jeni kama 5,300. Peke yake ilikuwa ramani ya kimelea kimoja tu. Maana ilianza kuja ziliposomwa jenomu za ndugu zake wanaoambukiza sokwe mtu na sokwe wakubwa (gorila) wa Afrika ya kati, hususan Plasmodium reichenowi wa sokwe mtu. Mwaka 2010 ilidhihirika kwamba kimelea chetu kilitokana na vimelea vya sokwe wakubwa. Ulinganisho wa baadaye ukaonyesha kwamba kipande chenye jeni ya rh5, ambayo kimelea huitegemea kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, kilihamia kwenye ukoo wa kimelea chetu kutoka ukoo mwingine wa vimelea vya sokwe. Leo rh5 ni miongoni mwa shabaha za watafiti wa chanjo. Hakuna sampuli ya damu ya Mtwara, hata ikisomwa mara elfu, ambayo ingetuambia hilo peke yake.

Kuna mtego hapa ambao hata wasomi hunaswa. Hesabu ya mabadiliko ya kimya na yasiyo ya kimya ilitungwa kwa ajili ya spishi zilizokwisha kuachana zamani. Ndani ya spishi moja, tofauti nyingi unazoziona ni za juzi, zikiwemo zenye madhara madogo ambazo bado hazijaondolewa. Ukizihesabu kana kwamba zimedumu, utaona uteuzi mahali ambapo haupo. Ndiyo maana John McDonald na Martin Kreitman, mwaka 1991, walipendekeza kupima mambo mawili kwa pamoja: tofauti zilizomo ndani ya spishi, na tofauti zinazoitenga spishi hiyo na ndugu yake. Kama hakuna kinachovuta, uwiano wa kimya na usio wa kimya utafanana pande zote mbili. Usipofanana, hapo pana la kuulizwa.

Sasa turudi kwenye jeni iliyoleta mjadala wote huu, kelch13. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi Cambodia walionyesha kwamba mabadiliko kwenye sehemu moja ya protini yake ndiyo yanayofanya vimelea vikawie kufa mbele ya artemisinini. Mara Afrika nzima ikaanza kuchunguzwa, na mabadiliko yakapatikana, tena mengi na ya kila aina. Wapo waliodhani bara zima limekwisha. Mtandao wa watafiti uitwao MalariaGEN ukalinganisha sampuli 3,411 kutoka nchi 23, na mwaka 2016 ukachapisha jibu ambalo naona ndilo somo lililofaa kufika kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kusini-Mashariki mwa Asia, mabadiliko yanayogeuza protini ya kelch13 yalikuwa mengi kupita kiasi ukiyapima kwa yale ya kimya. Afrika nayo yalikuwepo, ila kwa kiwango ambacho jeni isiyosukumwa na kitu ingekuwa nacho, na kila moja lilikuwa adimu. Jeni ni ileile, mabadiliko yapo mabara yote mawili, lakini hukumu ni tofauti. Badiliko liitwalo A578S, lililoonekana mara nyingi kuliko mengine Afrika, halihusiani na usugu wa artemisinini. Mtu angelipata Newala au Liwale akakimbilia redioni, angewatia watu hofu bure.

Kilichotokea baadaye Rwanda, Uganda, Eritrea na kisha Kagera ni jambo jingine, na ulinganisho uleule ndio ulioonyesha kwamba ni jingine. Rwanda badiliko la kelch13 liitwalo R561H lilipanda, na vimelea vyenye badiliko hilo vilikuwa na vipande vya jenomu vinavyofanana pembeni yake. Hii ni alama nyingine ya uteuzi, na kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi. Badiliko likiongezeka upesi, hubeba majirani zake kwenye kromosomu kabla mchanganyiko wa kizazi kwa kizazi ndani ya mbu haujawatenganisha. Kwa hiyo pembeni yake tofauti hupungua, wakati mahali pengine kwenye jenomu tofauti zimejaa. Pfcrt ilionekana hivyo mwaka 2002: makumi ya maelfu ya herufi kuizunguka yalikuwa yamefanana mno katika vimelea sugu, na mfanano huo ulivifunga vimelea sugu vya Afrika na vya Asia kuwa ukoo mmoja. Hali kadhalika usugu dhidi ya pirimethamini, moja ya dawa mbili zinazounda SP: mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba aina iliyotapakaa Afrika ilitoka Asia. Kila mtu akatarajia artemisinini nayo ifuate njia hiyohiyo. Haikufuata. Majirani wa R561H ya Rwanda hawakufanana na wa Asia. Badiliko lilizaliwa hapahapa, na la Kagera linaonyesha undugu na la Rwanda.

Hapo ndipo hoja ya umbali inapovunjika, na naiona ndiyo dhaifu kuliko zote zinazotolewa huku kwetu. Anayesema Kagera ni mbali anachukulia kwamba usugu ni mgeni anayesafiri kwa basi mpaka afike stendi ya Mtwara. Husafiri, ndiyo. Lakini kama ulizaliwa Rwanda bila kuletwa na mtu, unaweza kuzaliwa popote penye dawa ileile na vimelea vingi, na Mtwara ina vyote viwili. ALu inayotolewa Tandahimba ndiyo inayotolewa Karagwe. Msukumo ni uleule, na makosa ya kunakili jenomu hayajui mkoa.

Upande huohuo una hoja nzito zaidi inayofanana na hiyo kwa juu, na inastahili kusikilizwa. Wanasema maeneo yenye malaria nyingi huchelewesha usugu. Sababu zao ni za kweli. Penye maambukizi mengi, mtu mzima ana kinga. Hubeba vimelea bila kuugua, hamezi dawa, na vimelea vyake haviguswi na uteuzi wa dawa. Mgonjwa mmoja huwa na koo kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja, na kimelea sugu, ambacho mara nyingi ni dhaifu pasipo dawa, hushindana na wenzake wenye nguvu. Zaidi ya hapo, mbu anayefyonza mchanganyiko huo huchanganya jenomu, na mseto wa mabadiliko unaohitajika kwa pamoja huvunjwa kila kizazi. Nakubali kwamba hayo yote yanapunguza kasi. Lakini Uganda ina malaria nyingi, na mabadiliko ya kelch13 yamepanda huko kaskazini. Kisha kuna jambo ambalo hoja hii hailitaji: tunajitahidi, na ni haki tujitahidi, kupunguza malaria kwa vyandarua, kwa kupuliza dawa majumbani na kwa tiba ya haraka. Kadiri tunavyofanikiwa, kinga ya watu hupungua, wagonjwa wanaomeza dawa huwa sehemu kubwa zaidi ya wote wenye vimelea, na kile kizuizi tulichokitegemea hulegea. Kwa hiyo wakati wa kuanza kulinganisha ni sasa, malaria ikiwa bado nyingi, ili tujue hali ya kawaida ya vimelea vya Kusini ilikuwaje kabla haijabadilika.

Sasa kuhusu wale wanaosubiri badiliko lionekane. Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, iliacha klorokwini mwaka 1993. Mjini Blantyre, pfcrt yenye usugu ilishuka kutoka asilimia 85 mwaka 1992 hadi 13 mwaka 2000, na jaribio lililochapishwa mwaka 2006 likaonyesha klorokwini inaponya tena karibu kila mgonjwa. Wengi walidhani kimelea kimejirekebisha. Ulinganisho wa vipande vya pembeni ukaonyesha vingine: vimelea vilivyorudi vilikuwa vya koo nyingi tofauti, maana yake ni vile vya zamani vilivyokuwa vimejificha wakati wa klorokwini na kuongezeka ilipoondoka. Huku Tanzania kuna la ziada. Tafiti za Zanzibar na Bagamoyo zilionyesha kwamba vimelea vinavyojitokeza tena baada ya mgonjwa kumeza ALu mara nyingi vina umbo la asili kwenye pfcrt nafasi ya 76, na pia kwenye jeni ya pfmdr1 nafasi ya 86. Lumefantrini, mwenza wa artemetha ndani ya ALu, inachagua kule klorokwini ilikokuwa inatupa. Kwa hiyo ripoti itakayosema vimelea vya Masasi havina tena badiliko la 76 haitakuwa habari ya utulivu hata kidogo. Yaweza kuwa ni alama ya dawa tunayomeza leo ikifanya uchaguzi wake, na upande wa lumefantrini ndio unaotupasa kuulinda, kwa sababu artemisinini ikikawia, yeye ndiye anayebaki kumalizia kazi. Msomaji wa orodha ya mabadiliko ataona sifuri na kufunga faili.

Wataalamu wa tiba wana hoja yao, nami naiheshimu kuliko zote. Wanauliza kwa nini tusome jenomu wakati mgonjwa mwenyewe anaweza kutuambia. Mpe dawa, mfuatilie siku 28, angalia kama vimelea vimeisha siku ya tatu na kama vinarudi. Hiki ndicho kipimo rasmi cha ufanisi wa dawa, na Kusini tuna bahati: Nagaga, wilayani Masasi, ni moja ya vituo ambako Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria hufanyia tafiti hizo. Hata Kagera, utafiti wa aina hiyo ndio uliothibitisha kwamba vimelea vinakawia, na ndio uliotupa habari njema ambayo haikusambaa: zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa walipona. Sina ubishi na kipimo hicho. Bila mgonjwa, jenomu ni maandishi yasiyo na maana. Lakini utafiti wa wagonjwa hufanyika kwenye vituo vichache, kwa zamu, kwa watoto kadhaa waliokubaliwa na wazazi wao, na huonyesha tatizo likiwa limekwisha kukua vya kutosha kuonekana kliniki. Badiliko lililo kwenye vimelea vitatu kati ya mia halitaonekana Nagaga. Litaonekana kwenye sampuli za kawaida za zahanati, kama zikisomwa na kulinganishwa na za mwaka uliotangulia.

Kuna pia wanaoshuku jenomu kwa sababu nyingine, na hawa huwa ni wanajenetiki wenyewe. Ukipitisha vipimo vya uteuzi kwenye jenomu nzima, utapata jeni nyingi zinazowaka taa, na nyingi zitakuwa zimewaka kwa bahati. Jenomu ya kimelea hiki imejaa herufi A na T kwa kama asilimia 80, ina sehemu zinazojirudiarudia ambazo mashine huzisoma vibaya, na ina familia ya jeni za var, kama 60 kwa kila kimelea, zinazobadilishana vipande hata kulinganisha kukakosa maana. Historia ya idadi pia hudanganya: kipimo cha Fumio Tajima cha mwaka 1989 huonyesha dalili zilezile kwa uteuzi na kwa idadi ya vimelea iliyoongezeka haraka, na ya P. falciparum iliongezeka sana Afrika. Wako sahihi kwa yote haya. Ila tiba ya shaka yao si kuacha kulinganisha. Historia ya idadi hugusa jenomu nzima, uteuzi hugusa mahali pamoja. Kwa hiyo jeni hulinganishwa kwanza na jenomu iliyobaki ya kimelea hichohicho, kisha na mahali pengine, kisha na wakati mwingine, na mwishowe hupelekwa maabara ikathibitishwe kwamba badiliko hilo linafanya kinachodaiwa. Kelch13 ilipita milango yote hiyo. Jeni nyingine nyingi zilizotangazwa hazikupita.

Na si kila uteuzi hupunguza tofauti. Kinga ya binadamu huishambulia zaidi sura ya kimelea iliyozoeleka, na hivyo kuipa nafuu ile adimu. Ndiyo maana jeni ya ama1, ya protini moja ya kimelea inayoonwa na kinga, imebaki na sura nyingi kwa muda mrefu. Mali ilijaribu chanjo iliyotengenezwa kwa sura moja ya protini hiyo. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kinga ndogo kwa ujumla, lakini ya asilimia 64 dhidi ya vimelea vyenye sura ileile ya chanjo. Nchi inayofikiria chanjo ingependa kujua sura zipi ziko Kilwa na zipi ziko Nanyumbu kabla ya kununua.

Vipimo navyo huchagua. Kipimo cha haraka, mRDT, kinachotegemewa na karibu kila zahanati yetu, hutafuta protini iitwayo HRP2. Kimelea kilichopoteza jeni yake hakionekani. Mgonjwa anaambiwa hana malaria, anarudi nyumbani, mbu wanamfyonza. Eritrea ililazimika kubadili aina ya kipimo mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Tanzania vimelea vya namna hii bado ni adimu, na njia ya kujua kama vinaongezeka ni hiyohiyo.

Anayedhani haya yote yanahitaji maabara ya kifahari kwenye hospitali ya mkoa ya Ligula hajaona sampuli inavyochukuliwa. Nimeitazama kazi hiyo kwenye zahanati moja ya Newala. Mtaalamu wa maabara anamchoma mtoto kidole kwa ajili ya mRDT kama kawaida. Tone la kwanza linaingia kwenye kipimo, matone mawili au matatu yanayofuata anayagusisha kwenye karatasi nene ya chujio. Anaandika namba kwa penseli, anaiacha karatasi ikauke kivulini mbali na nzi, kisha anaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Umeme hauhitajiki, wala barafu. Karatasi hiyo ikitunzwa vizuri hubaki na jenomu ya kimelea kwa miaka. Kilicho kigumu ni kurudia: zahanati ileile, msimu uleule, mwaka baada ya mwaka, na zile za zamani zisitupwe baada ya utafiti mmoja kuisha. Sampuli za miaka miwili zilizochukuliwa kwa namna moja zina thamani kuliko nyingi zaidi za mara moja, kwa kuwa uteuzi huonekana kwenye mwendo.

Ulinganisho wa Kusini pia hauwezi kuishia mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Watu wa kingo mbili za mto huo ni ndugu. Wanavuka Kilambo, wanavuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 wamevuka pia kwa kukimbia. Vimelea vyao vimevuka nao. Kwa jinsi uchunguzi ulivyopangwa, nchi kwa nchi, sampuli za Mueda, ng'ambo ya mto, na za Newala zinaweza kusomwa kwenye mabara tofauti kabla hazijawekwa meza moja. Mwaka 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, tuliona jinsi kazi inayotegemea mfadhili inavyokatika katikati, na mfuatano ukikatika mwaka mmoja, pengo hilo halizibiki kwa kusoma sampuli nyingi zaidi mwaka unaofuata. Ndiyo maana nasisitiza ukusanyaji uingizwe kwenye bajeti za halmashauri, japo kwa zahanati chache, na vijana wa vyuo vya Mtwara wafundishwe kuchambua data hizo. Kompyuta ya kawaida inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Pa kuanzia papo tayari, na ni kliniki ya wajawazito. SP haitumiki tena kutibu, lakini kila mama anayehudhuria humezeshwa mbele ya muuguzi ili kumkinga yeye na mimba. Kwenye jeni ya dhps, inayohusika na usugu dhidi ya SP, badiliko la K540E limeenea sana nchini. Linapoongezewa A581G, kinga ya SP kwa mjamzito hudhoofika, na A581G imeonekana kwa wingi Tanga na Kagera. Mama wa Ruangwa anayemeza vidonge hivyo vitatu leo ana haki ya kupata jibu la swali hili: je, A581G inapanda huku, na kama inapanda, imeletwa kutoka kaskazini au imezuka upya Kusini? Jibu la kwanza linasaidia kuamua kama aendelee kupewa SP. La pili linaamua kama wilaya za jirani zina miaka au miezi ya kujiandaa.